Kopo la beta glukani na kikohozi cha baba

Msomaji wetu kutoka Tanga ameuliza hivi:

"Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ana miaka 68, ana kisukari na presha, na tangu mwaka jana mafua na kifua havimwachi. Akipata nafuu wiki mbili, ya tatu anarudi kukohoa. Mama mmoja wa kwenye kikoba chetu kaniuzia kopo la unga wa kinywaji lenye beta glukani, gramu 500 kwa shilingi 78,000. Anasema linapandisha kinga, baba anywe vikombe viwili kwa siku, na hata mwanangu wa miaka mitatu anaweza kunywa. Nyuma ya kopo wameandika: sukari, maltodekstrini, unga wa maziwa, unga wa oti, kakao, beta glukani ya hamira. Kila kipimo cha gramu 25 kina sukari gramu 14 na beta glukani miligramu 40. Je, hii beta glukani ni kitu cha kweli au ni biashara tu? Na kama ni ya kweli, siwezi kuipata kwenye uji wa nyumbani? Kopo nimeshalinunua, sijalifungua."

Marahaba, binti yangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umegeuza kopo ukasoma mgongoni. Ungeniletea jina la bidhaa peke yake ningebaki kubahatisha, lakini kwa namba hizo ulizonakili tunaweza kukaa chini tukapiga hesabu.

Kwanza nikutoe wasiwasi kwa kifupi. Beta glukani ni kitu cha kweli, imechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne, wala haikubuniwa na wauza makopo. Ila kopo hilo halimfai baba yako, na kikohozi chake si cha kutafutiwa kinywaji. Panga siku ndani ya wiki hii umpeleke kituo cha afya akapimwe makohozi. Sababu nitakupa mbele kidogo.

Beta glukani ni chembe nyingi za glukosi zilizoshikana kuwa mnyororo mrefu. Wanga wa ugali nao ni glukosi zilizoshikana, na tofauti iko kwenye namna ya kushikana. Pingu za wanga tumbo letu lina vimeng'enya vya kuzifungua, ndiyo maana ugali huishia kuwa sukari kwenye damu. Pingu za beta hatuna ufunguo wake. Kwa hiyo beta glukani hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa hadi utumbo mpana, na huko bakteria huigeuza chakula chao. Ndiyo sababu tunaihesabu kwenye nyuzinyuzi, au makapimlo kama tunavyoita kazini.

Sasa shika hili vizuri, maana hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganywa. Beta glukani zina koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa nafaka, hasa shayiri na oti. Mnyororo wake umenyooka, na sehemu yake kubwa huyeyuka majini ikawa ute. Ukoo wa pili ni wa hamira na uyoga. Huo mnyororo wake una matawi, na mwingi hauyeyuki. Zote zinaitwa beta glukani, lakini mwilini kila moja ina kazi yake. Muuzaji asiye makini, au aliye makini kupita kiasi, huchukua sifa za ukoo mmoja akauvisha mwingine. Kopo lako lina zote mbili, unga wa oti na beta glukani ya hamira, na ndiyo maana linaweza kujisifu pande zote.

Ukoo wa nafaka unaweza kuuona kwa macho yako jikoni. Tia nusu kikombe cha oti na vikombe viwili vya maji kwenye sufuria, moto mdogo. Dakika za mwanzo utaona vipande vinaelea kwenye maji meupe. Endelea kukoroga hadi dakika ya kumi hivi, kisha nyanyua mwiko: uji haudondoki tena kwa matone, unavutika kama mlenda. Ule utelezi ndio beta glukani iliyotoka kwenye kuta za punje ikaingia majini. (Utelezi wa mlenda na bamia wenyewe ni wa kitu kingine, ila mwendo wake tumboni unafanana.) Chakula kikishakuwa na ute huo, sukari yake huingia kwenye damu polepole badala ya kuvamia. Ute huohuo hushika chumvi za nyongo na kutoka nazo chooni, ini likalazimika kutumia lehemu (kolesteroli) iliyoko kwenye damu kutengeneza nyongo nyingine. Hivyo ndivyo lehemu mbaya inavyoshuka: si kwa muujiza, ni kama asilimia 5 hadi 7, lakini inashuka.

Hapo ushahidi ni mzito. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu pakiti za oti kuandikwa kwamba nyuzinyuzi hizo, kwenye mlo wenye mafuta mabaya kidogo, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kiwango cha gramu 3 za beta glukani kwa siku. Baadaye shayiri nayo ikaongezwa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilifika kwenye gramu hizohizo 3. Lakini angalia kilichoruhusiwa ni nini: moyo, lehemu na sukari ya baada ya mlo. Kinga ya mwili haimo. Tena mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwapa waendesha baiskeli 36 wenye mazoezi makali gramu 5.6 za beta glukani ya oti kila siku kwa muda wa wiki mbili na siku kadhaa, ili waone kama ingewakinga na mafua yanayowapata wanamichezo baada ya kujichosha. Haikusaidia. Chembe za kinga hazikubadilika, na idadi ya walioumwa kifua ilikuwa kama ya wale waliopewa kinywaji kisicho na kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia uji wa oti unapandisha kinga, mwambie kazi ya oti ni moyo na sukari, na kwa hilo peke yake inastahili nafasi kwenye meza ya baba yako.

Ukoo wa hamira na uyoga ndio wenye habari za kinga, na habari zenyewe nazipenda. Mwili wa binadamu hautengenezi beta glukani hata chembe. Ukuta wa fangasi umejaa beta glukani. Basi chembe zetu za ulinzi, zile zinazozunguka mwilini zikimeza vimelea, zimejaliwa vipokezi vya kuitambua: zikigusa beta glukani zinajua kuna fangasi kaingia, nazo zinaamka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Cleveland nchini Marekani, Louis Pillemer na wenzake walikuwa wakitumia zaimosani, unga uliotokana na kuta za hamira, wakaona unaamsha sehemu ya ulinzi iliyoko kwenye damu. Ilichukua karibu miaka 50 kupata mlango wenyewe. Mwaka 2001 Gordon Brown na Siamon Gordon wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba kipokezi kiitwacho dektini-1 ndicho kinachoishika beta glukani. Hospitali kubwa leo hupima beta glukani kwenye damu ya mgonjwa wanapohofia fangasi wameingia ndani ya mwili, kwa sababu hiyohiyo: kwenye damu ya mtu mwenye afya haitarajiwi kuwepo kwa wingi.

Miaka ya karibuni Mihai Netea na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, wameongeza jambo jingine. Chembe hizo za ulinzi wa awali, ambazo zamani tulifundishwa kwamba hazina kumbukumbu, zikishaguswa na beta glukani hubaki na wepesi fulani wa kupambana na vimelea vingine kwa wiki kadhaa au miezi. Wanaita kinga iliyofunzwa. Chanjo ya BCG, ile inayotuachia kovu dogo mkononi, inafanya jambo la namna hiyo pia. Lakini sehemu kubwa ya majaribio hayo ya beta glukani yamefanywa kwenye chembe zilizotolewa mwilini au kwa panya waliochomwa sindano. Kutoka hapo hadi kikombe cha kakao cha baba yako ni mbali.

Hata Wajapani, walioidhinisha lentinani ya uyoga wa shiitake mwaka 1985 isaidiane na dawa za saratani ya tumbo, walikuwa wakiitoa kwa sindano hospitalini. Mtu akikuonyesha habari ya lentinani ili akuuzie majani ya chai ya uyoga, anakuonyesha kitu kimoja na kukuuzia kingine.

Je, kwa kumeza kuna ushahidi wowote? Upo, na nitautaja kwa haki. Utafiti mmoja wa Ujerumani uliochapishwa 2013 uliwachukua watu wazima 162 wenye afya lakini wanaosumbuliwa na mafua ya mara kwa mara. Nusu walipewa miligramu 900 za beta glukani ya hamira kila siku kwa wiki 16, na mafua yao yalipungua kwa robo kulinganisha na wale wa kidonge kitupu. Kule Slovakia, mwaka huohuo, watoto wenye magonjwa ya kifua ya kujirudia walipewa sirapu ya beta glukani ya uyoga pamoja na vitamini C, wenzao vitamini C peke yake: asilimia 36 ya wa kwanza hawakuugua kifua katika kipindi cha matibabu, dhidi ya asilimia 21 ya wa pili. Wanariadha wa mbio ndefu nao wamejaribiwa kwa miligramu 250, wengine wakapata nafuu ya dalili. Lakini watu wa miaka 50 hadi 70, ambao ndio wa karibu na umri wa baba yako, walipopewa miligramu 250 kwa siku 90, idadi ya waliougua haikupungua kwa kiwango cha kuaminika.

Tafiti hizi nyingi ni ndogo, na nyingi zimegharamiwa na kampuni zinazouza kitu chenyewe. EFSA ilipoletewa ombi la kuandika kwenye vifungashio kwamba beta glukani ya hamira husaidia mwili kupambana na vimelea, ililikataa kwa kuwa ushahidi haukutosha. Msimamo wangu ni huu: beta glukani ya hamira ina dalili njema kwa mafua ya kawaida ya watu wenye afya, kwa kipimo cha kutosha. Haina ushahidi wa kuzuia kikohozi cha mzee mwenye kisukari.

Sasa tulete kopo mezani. Kipimo kimoja miligramu 40, vikombe viwili miligramu 80. Kiwango kidogo kabisa kati ya nilivyotaja hapo juu ni miligramu 250, kwa hiyo baba angepata chini ya theluthi moja. Ili afike 250 angelazimika kunywa vipimo sita na robo kwa siku, navyo vingembebesha sukari gramu 87.5. Hata kwa vikombe viwili tu, sukari ni gramu 28, sawa na vijiko saba vya chai, kila siku, kwa mtu mwenye kisukari. Na hiyo maltodekstrini iliyofuata kwenye orodha haihesabiwi kama sukari kwenye kifungashio, lakini tumboni inageuka glukosi haraka kama sukari yenyewe. Unga wa oti umetajwa wa nne. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, chenye wingi kwanza, na ukishatoa sukari zimebaki gramu 11 tu za kugawana vyote vilivyosalia. Tuseme kwa ukarimu oti ni gramu 3: beta glukani yake haifiki hata gramu 0.2, nawe unakumbuka zinahitajika gramu 3.

Fedha nayo isemwe. Gramu 500 kwa vipimo vya 25 ni vipimo 20, yaani siku kumi. Makopo matatu kwa mwezi ni shilingi 234,000. Kwa fedha hizo mzee angekula dagaa, mayai, maharage, mchicha na matunda mwezi mzima, na nauli ya kliniki ikabaki.

Nirudi kwenye kikohozi, maana hili ndilo linalonikosesha utulivu katika barua yako. Mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi anatakiwa kupimwa kifua kikuu, na mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu ya mwingine. Kipimo na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Akapime na VVU pia, hata kama ni mzee; wazee tunawasahau. Pili, ulizia dawa zake za presha. Kuna kundi ambalo majina yake huishia na "prili", kama enalaprili, kaptoprili na lisinoprili, na baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu kisichoisha. Asiache dawa mwenyewe, hata siku moja. Amwambie daktari, zipo za kumbadilishia. Tatu, moshi. Kama jikoni kwenu kunatumika kuni au mkaa na mzee hukaa karibu, msogezeni.

Na nne ni sukari yake yenyewe. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, chembe nyeupe za damu huwa nzito: zinachelewa kufika kwenye vimelea, na zikifika hazimezi vizuri. Ukitaka kumpandishia kinga mtu mwenye kisukari, hapo ndipo pa kushika. Muulize mara ya mwisho alipima lini HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kipimo cha asubuhi cha kidoleni hakitoshi, kinakupa picha ya siku hiyo tu.

Nimewahi kumpokea mzee wa umri huohuo, aliletwa na wanawe akiwa hajitambui vizuri. Alikuwa ameacha metformini, dawa yake ya kisukari, miezi miwili kabla, kwa sababu aliyemuuzia kahawa ya uyoga alimwambia vitu hivyo viwili havipatani. Wanawe walikuja na boksi la kahawa hiyo kwenye mfuko. Nililigeuza: krimu, sukari, kahawa, na unga wa uyoga mwisho kabisa. Alipona, lakini kwa sindano za insulini na siku nyingi wodini. Uyoga huo, reishi, ulishapitiwa na wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, mwaka 2015, na hawakuona ushahidi wa kuutumia kutibu kisukari. Ndiyo maana nasisitiza: asiache dawa kwa ajili ya kinywaji chochote.

Kuhusu mwanao. Kwa mtoto wa miaka mitatu, sukari ya kuongezwa ingekuwa vema isizidi gramu 15 hivi kwa siku. Kikombe kimoja cha kopo hilo kina 14. Kinga yake ipo kwenye kadi ya kliniki: hakikisha alipata dozi ya pili ya surua na rubela aliyotakiwa kupata akiwa na miezi 18, na kwamba anapelekwa kila baada ya miezi sita kwa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Uji wake upike mzito kwa nafaka moja, uongeze karanga zilizosagwa au maziwa, na yai lisikose kwenye mlo wake. Zile unga za lishe zenye nafaka saba na mbegu kumi ndani sizipendi. Nafaka juu ya nafaka haimwongezei mtoto kitu, inamjaza tu tumbo. Oti anaweza kula, ila kidogo, kwa kuwa nyuzinyuzi nyingi humshibisha kabla hajapata nguvu ya kutosha.

Umeuliza kama unaweza kuipata kwenye uji wa nyumbani. Ya nafaka, ndiyo, na kwa bei ambayo huwezi kuilinganisha na kopo. Lakini si kwenye kila uji. Mahindi, mchele, mtama na ulezi vina beta glukani kidogo mno. Vina faida nyingine, si hii. Tafuta oti au shayiri. (Vifungashio vingine huandika "shayiri" kwa zote mbili. Kwa hili letu haidhuru, maana zote zina beta glukani, shayiri mara nyingi ikiizidi oti.) Oti kavu gramu 80, kama kikombe kimoja kilichojaa, ina takriban gramu 3. Mgawie baba mara mbili: nusu kikombe asubuhi, nusu jioni. Nunua ile ya vipande vikubwa, usichukue ile ya kumwagia maji ya moto ambayo tayari ina sukari na ladha. Loweka usiku, asubuhi chemsha kwa moto mdogo hadi uone ule uzi niliokuambia. Tia mdalasini, karanga chache, ndizi nusu kama hawezi bila utamu, chumvi usitie kwa sababu ya presha. Na tafadhali, uji huo uchukue nafasi ya chapati au mkate, usije juu yake. Oti nayo ina wanga.

Anza na robo kikombe wiki ya kwanza. Tumbo lisilozoea litajaa gesi, na mzee akijaa gesi siku mbili hataki tena kuusikia. Maji ya kunywa yaongezwe.

Shayiri nzima utaipata kwenye maduka ya viungo. Iloweke usiku kucha, ichemshe kama dakika 45, kisha ichanganye na wali nusu kwa nusu, au itumie kwenye shurba, ile supu nzito ya nafaka na nyama, ambayo nyie watu wa pwani hamhitaji kufundishwa na mimi. Talbina ya unga wa shayiri na maziwa nayo ni nzuri, ila kwa baba asali ipimwe kwa kijiko, isimiminwe.

Huwa naulizwa kuhusu bia na vinywaji vya kimea, kwa kuwa shayiri ndiyo malighafi yake. Kwa mtengeneza bia beta glukani ni adui: hufanya mchanganyiko uwe mzito na kuziba vichujio. Kwa hiyo shayiri huoteshwa kwanza iwe kimea, vimeng'enya vyake viivunjevunje. Inayobaki kwenye chupa ni kidogo, pombe yenyewe hudhoofisha kinga, na vile vya kimea visivyo na kilevi vimejaa sukari.

Hamira ya dukani msimkorogee mtu kwenye maji. Ni viumbe hai, itamvuruga tumbo, na beta glukani yake imefunikwa na tabaka jingine la ukuta. Viwandani hulazimika kuuvunja na kuusafisha ndipo ipatikane. Maandazi hayana ya kutosha kuitaja.

Uyoga, mpikie. Uyoga wa mamama unaolimwa majumbani una beta glukani ya ukoo wa pili, una protini kiasi na hauna wanga wa kumsumbua. Mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90, kwa hiyo sahani moja si dozi ya dawa, ni mboga nzuri. Uive vizuri. Uyoga wa porini ule tu uliochumwa na mtu anayeujua kwa kuzaliwa nao. Ukiwa na shaka na mmoja, mwaga kikapu chote.

Kuna watu ambao hata beta glukani safi ya vidonge nawaambia wasiiguse bila daktari wao: waliopandikizwa figo, wanaotumia dawa za kushusha kinga, na wenye magonjwa ambayo kinga inaushambulia mwili wenyewe, kama lupasi na baridi yabisi. Kwao kinga iliyoamka zaidi ndiyo ugonjwa wenyewe. Wenye mzio wa hamira au uyoga wanajijua. Na wale ambao utumbo wao haupatani na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, shayiri si yao.

Kopo, kwa kuwa hujalifungua, mrudishie mama huyo kwa upole. Mwambie umesoma viambato na baba ana kisukari; huenda naye aliuziwa kwa maneno yaleyale na hajawahi kuligeuza. Akikataa kurudisha fedha, liangalie kama lina namba ya usajili na alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na kama lina maandishi ya kudai kutibu ugonjwa wapigie simu TBS, kwa kuwa tangu 2019 bidhaa za chakula ziko chini yao. Likibaki nyumbani, wanywe watu wazima wasio na kisukari, kama kinywaji kitamu tu, kikombe kimoja siku moja moja. Majibu ya makohozi na ya HbA1c yakitoka niandikie, pamoja na majina ya dawa zote anazotumia baba, ukiyanakili kwenye maboksi kama ulivyonakili kwenye kopo.